Boksi la mekapu ya vampaya: uzoefu wangu wa Halloween nyumbani Kampala

Boksi ninalolizungumzia ni lile la bei nafuu linalouzwa katikati ya mji Halloween, sherehe ya mavazi ya kutisha ya mwisho wa Oktoba, ikikaribia. Ndani yake mna kikopo cha rangi nyeupe ya mafuta, kijiti cheusi, kijiti chekundu, tyubu ndogo ya damu bandia, sponji moja, na machonge mawili ya plastiki pamoja na punje za kuyashikizia, yaani vipande vidogo vya plastiki vinavyolainika kwa maji ya moto. Vinavyostahili pesa humo ni viwili tu: machonge na rangi nyeupe. Tena hiyo nyeupe, kwa ngozi zetu, isitumike kama maelekezo ya kwenye boksi yanavyosema.

Maelekezo yanataka upake nyeupe uso mzima. Kwa ngozi nyeusi utapata barakoa: shingo rangi yake, masikio rangi yake, na mikunjo ya pua imejaa. Vampaya ni mtu aliyeishiwa damu, hajapigwa chokaa. Unachokitafuta ni rangi yako mwenyewe ikiwa imefifia. Kuna kasoro ambayo wapambaji wa maharusi huikimbia kila Jumamosi, uso kutoka kijivu kama uliopakwa majivu kwa sababu faundesheni ina titani dioksidi, ule unga mweupe wa vipodozi, nyingi kuliko ngozi inavyoweza kuficha. Kasoro hiyo ndiyo dawa yetu hapa, na nyeupe ya kwenye boksi inaileta vizuri sana ikichanganywa.

Mimi huchanganya juu ya kisosi. Ngozi ya maji ya kunde huhitaji sehemu moja ya nyeupe kwa sehemu mbili za faundesheni yako ya kawaida. Ngozi nyeusi sana, sehemu moja kwa nne, maana tofauti huonekana haraka na ukizidisha huwezi kurudi nyuma. Kwa uso mzima, nyeupe ya ukubwa wa punje ya njegere inatosha. Faundesheni nyingi zina umanjano, na umanjano humfanya mtu aonekane ana afya. Chovya ncha ya brashi kwenye poda ya macho ya zambarau, ichanganye humo, na umanjano utazimika. Jaribu kwanza kwenye taya karibu na dirisha. Taa ya bafuni itakudanganya.

Kabla ya hapo, siku moja nyuma, paka kidogo cha kila kitu ndani ya kiwiko na uache. Ukiwashwa au ukitoka vipele, kitu hicho kisifike usoni. Siku yenyewe nawa uso, paka mafuta mepesi, subiri dakika kumi, kisha kandamiza tishu usoni ili ivute mafuta yaliyobaki. Wengi huruka hatua hii, na ndiyo sababu rangi huwateleza puani na juu ya mdomo kabla hata hawajafika wanakokwenda. Rangi ya mafuta haikauki yenyewe; poda ndiyo huishika. Ikiwa chini yake kuna mafuta mengine, poda haitakuwa na cha kushika.

Sponji ya kwenye boksi itupe, ni ngumu na inaacha mistari. Tumia sponji ya kawaida ya mekapu, iloweshe, ikamue hadi isidondoshe maji, kisha gonga-gonga mchanganyiko usoni. Usiburuze. Tabaka liwe jembamba hadi madoa yako ya asili yaonekane kwa mbali. Shuka shingoni, zunguka masikio, na kama nguo ina kifua wazi, shuka hadi inapoanzia. Halafu poda isiyo na rangi: ikandamize kwa wingi, iache dakika tano, pangusa iliyozidi kwa brashi laini. Poda ya watoto pia inafaa, kwa kuwa weupe wake si tatizo kwa kazi hii, lakini funga macho na usiivute puani.

Wapo wanaosifu rangi za maji badala ya mafuta. Ni kweli hutoka kirahisi kwa maji na sabuni, na kwa watoto ningechagua hizo. Kwa mtu mzima anayekwenda kucheza muziki Oktoba, mvua ikinyesha na chumba kikijaa watu, hapana. Jasho nalo ni maji, na hutengeneza mifereji. Ukizipaka nene hupasuka pembeni mwa mdomo mara tu unapocheka.

Vivuli ndivyo vinavyomtengeneza vampaya, na hapa kijiti cheusi cha boksi kinaharibu zaidi ya kusaidia. Nyeusi tupu juu ya ngozi nyeusi huonekana kama masizi. Anza na zambarau iliyoiva au rangi ya damu ya mzee kwenye bonde la jicho, isambaze hadi karibu na nyusi na pembeni mwa pua, kisha nyeusi kidogo kabisa kwenye shina la kope tu. Chini ya jicho tumia wekundu ulionyauka, mwembamba, kama mtu ambaye hajalala. Wekundu huo utoke kwenye rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya macho. Soma boksi lake, kwa sababu si kila rangi ya midomo ni salama karibu na jicho. Kijiti chekundu cha boksi hili hakikuandikwa lolote kuhusu macho, kwa hiyo mimi hukiacha kwenye midomo.

Mashavu: nyonya mashavu ndani, tafuta bonde chini ya mfupa, paka kijivu chenye zambarau kuanzia sikioni, na uishie usawa wa katikati ya jicho. Ukivuka hapo unaonekana mgonjwa wa meno. Pembeni mwa paji la uso na pande mbili za shingo zipate kivuli hichohicho. Mishipa ichore kwa wanja wa buluu uliochongwa vizuri, miwili au mitatu tu, yenye matawi, kisha iguse kwa kidole hadi ififie. Midomo ifunike kwanza kwa ule mchanganyiko wa uso, halafu weka rangi iliyokolea pembezoni na nyekundu katikati.

Sasa machonge. Maji yanayochemka Kampala hufika nyuzi 96 hivi, kwa sababu mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, lakini hata hizo ni nyingi mno kwa punje. Changanya vikombe vitatu vya maji yaliyochemka na viwili vya maji ya bomba. Utapata karibu nyuzi 65. Tumbukiza punje. Zikigeuka kutoka nyeupe kuwa angavu, zimelainika. Zitoe kwa kijiko, acha zipoe kidogo hadi uweze kuzishika bila kuungua, zijaze ndani ya chonge la plastiki, futa jino lako likauke na ukandamize. Shikilia hadi weupe uanze kurudi, kisha livue na ulirudishe mara moja au mbili kabla halijakakamaa kabisa. Usipofanya hivyo, plastiki hujifunga kwenye mbonyeo karibu na ufizi na kulitoa inakuwa shida. Likikaa vibaya, lirudishe kwenye maji ya moto uanze upya, punje hazichoki. Mwenye waya za meno, jino la kubandika au jino linalotikisika asijaribu, na kila mtu ayavue kabla ya kula na kulala.

Tyubu ya damu ndiyo iliyonikera zaidi. Ni ya waridi kama sharubati, na ikikauka inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Yangu naitengeneza kwa glisarini, ileile inayouzwa kila duka la vipodozi. Kwanza yeyusha robo kijiko cha chai cha rangi nyekundu ya chakula ya unga katika kijiko kimoja cha chai cha maji ya moto. Ukiutia unga moja kwa moja kwenye glisarini hauyeyuki wote, na chembe zilizobaki hupasuka baadaye kuwa vidoa vyekundu shingoni. Ongeza vijiko vinne vya chakula vya glisarini, robo kijiko cha chai cha kakao iliyochekechwa, na tone moja la rangi ya buluu. Ipake nyembamba kwenye karatasi nyeupe: ukingo ukiwa wa waridi, ongeza kakao kidogo, ukielekea machungwa, ongeza buluu. Glisarini huvuta unyevu, kwa hiyo damu hii hubaki ikimeremeta usiku kucha. Kama ukumbi una taa nyekundu, ongeza kakao zaidi, kwa sababu chini ya taa hiyo nyekundu safi hupauka na kidonda hakionekani.

Hiyo si ya kuingia mdomoni, labda glisarini iwe imeandikwa kuwa ni ya chakula. Ya mdomoni tengeneza kwa asali, rangi na kakao. Usiimwage shingoni: sukari huita inzi na sisimizi, na ukiwa Entebbe kando ya ziwa, vijidudu vya ziwani vitakuganda.

Alama za kung'atwa ziwe sentimita 3 hadi 3.5 kutoka moja hadi nyingine, ndiyo nafasi halisi kati ya machonge ya mtu mzima. Kila tundu lisizidi milimita nne, na lizungukwe na zambarau iliyofifia. Damu usiichore kwa brashi. Chukua bomba la sindano la mililita mbili, lisilo na sindano, simama wima, dondosha matone mawili au matatu juu ya tundu na uache yatiririke yenyewe. Hakikisha chini yake pana faundesheni na poda, maana ngozi tupu hunywa rangi na utaamka Jumatatu na michirizi. Ukipenda kuinua kingo za kidonda kwa lateksi ya maji, yaani mpira wa majimaji, hakikisha kwanza huna mzio wa glavu za mpira au puto. Kumbuka pia kwamba gundi nyingi za kope bandia zina lateksi hiyohiyo.

Lenzi za rangi sizipendekezi. Nchini Marekani hata zile za urembo huhesabiwa kuwa kifaa cha tiba na huhitaji cheti cha mtaalamu wa macho, kwa sababu lenzi isiyokutosha hukwaruza jicho na kuleta vidonda.

Kama unaenda kwa boda, damu na rangi ya midomo visubiri ufike. Helmeti hufuta paji la uso na mashavu, kwa hiyo beba poda na sponji, na funga koti jeusi la mtumba la soko la Owino hadi shingoni kuzuia vumbi na manyunyu.

Kuondoa: mafuta ya nazi kwanza, sugua taratibu kwa dakika mbili, futa kwa kitambaa, rudia, ndipo sabuni. Ukianza na sabuni rangi ya mafuta itasambaa tu. Nguo zenye damu ziloweke kwenye maji baridi usiku uleule. Machonge yasuguliwe kwa mswaki na maji baridi, yakaushwe na kuhifadhiwa kwenye kikopo mbali na jua. Damu ya asali iliyobaki imwage; ya glisarini hukaa kwenye friji hadi wikiendi inayofuata.