Spea adimu za baiskeli za zamani: njia sita za kuzipata, kuanzia iliyo bora

Ukiwa na baiskeli ya miaka ya 1950 au 1970 yenye fremu nzima, usiitafutie spea kwa jina la kampuni peke yake. Jina lililobandikwa kwenye fremu halikuambii kitu gani kitaingia. Raleigh ya Nottingham, kwa mfano, kwa miaka mingi ilichonga baiskeli zake nyingi kwa nyuzi (mistari ya skrubu) 26 kwa inchi, wakati viwanda vingine vya Uingereza vilitumia 24. Kikombe cha ekseli ya pedali, yaani kipande kinachokazwa kwenye fremu kushikilia gololi, kikiwa na nyuzi 24 kinashika mzunguko mmoja au miwili kwenye fremu ya 26, kisha kinakwama. Anayeendelea kukaza kwa spana ndefu anaharibu fremu, na fremu ikishaharibika hakuna spea itakayoiokoa kirahisi.

Unachonunua ni kipimo. Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo na unene, pamoja na geji ya nyuzi, vile vibati vyenye meno ambavyo unavilaza juu ya skrubu kuona kama meno yanakaa sawasawa bila kuacha mwanga. Vyote viwili ni vya bei ndogo ukilinganisha na spea moja tu iliyoagizwa mbali na isiyoingia.

Vipimo vinavyowakwamisha watu

Sehemu ya ekseli ya pedali ina mitego kuliko zote. Kipimo cha Kiingereza ni inchi 1.37 kwa nyuzi 24, na bomba lenye upana wa mm 68. Kikombe cha upande wa cheni kina nyuzi za kinyume. Cha Kiitalia ni mm 36 kwa nyuzi 24, upana mm 70, pande zote mbili nyuzi za kawaida. Cha Kifaransa ni mm 35 na hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya mm 1, pande zote za kawaida pia. Cha Uswisi kinafanana na cha Kifaransa, ila upande wa cheni umegeuzwa. Sasa angalia: inchi 1.37 ni karibu mm 34.8. Kati ya 34.8 na 35 macho hayaoni kitu, na ndiyo maana vikombe vya Kiingereza vimeua fremu nyingi za Kifaransa.

Pedali ni hivyo hivyo. Nyingi ni inchi 9/16 kwa nyuzi 20, za Kifaransa za zamani ni mm 14 kwa hatua ya mm 1.25, na krenki za kipande kimoja zilizoenea Marekani huchukua inchi 1/2. Ukikuta pedali imegongwa herufi D na G badala ya R na L, shuku mm 14.

Kwa tairi, sahau maandishi makubwa ya inchi ubavuni. Soma namba ndogo za ISO 5775, kama 37-590. Namba ya pili ndiyo kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu. Tairi la 26 x 1 3/8 kwa kawaida ni 590, lakini kwenye baiskeli nyingi za Schwinn ya Marekani ni 597, na lile la 26 x 1.75 ni 559. Yote matatu watu huyaita ya ishirini na sita, na hakuna linalokaa kwenye rimu ya mwenzake. Baiskeli kubwa zenye breki za vyuma hutumia 28 x 1 1/2, yaani 635. Zile za mbio za miaka ya 1970 zinaweza kuwa 630 au 622. Tofauti ni milimita nane tu, na tairi la 630 kwenye rimu ya 622 litachomoka ukijaza upepo.

1. Spea zinazotengenezwa hadi leo

Anzia hapa kila mara, hata kama una hakika kwamba kitu chako hakitengenezwi tena. Watu wengi hulipa bei ya vitu adimu kwa vitu ambavyo bado vinatoka kiwandani.

India na China bado zinatengeneza baiskeli zenye umbo lile lile la zamani la Kiingereza, zikiwa na breki za vyuma badala ya waya. Kwa sababu hiyo matairi ya 635, raba za breki hizo, vyuma vyake vya kuvuta, pedali za raba na kotapini (pini zinazobana krenki kwenye ekseli) vinapatikana vikiwa vipya. Sturmey-Archer, iliyoanza Nottingham mwaka 1902, ilinunuliwa na SunRace ya Taiwan mwaka 2000, na bado inatengeneza habu za gia tatu pamoja na spea zake. Habu yake ya gia tatu iitwayo AW ilianza miaka ya 1930, na vipande vyake vingi vya ndani vimebaki vilevile kiasi kwamba habu ya miaka ya 1960 inaweza kufufuliwa kwa vipande vipya. Tarehe yenyewe imegongwa kwenye ganda la habu, mwezi na mwaka, basi msomee muuzaji namba hizo kabla hujaagiza. Angalia pia sproketi: za kawaida zina vijino vitatu vya ndani na zinabanwa na ringi ya waya, lakini habu za zamani zaidi zilikuwa na sproketi ya kukazwa kwa nyuzi.

Siti za ngozi za Brooks, kampuni ya tangu 1866, nazo zinaendelea kutengenezwa Uingereza. Gololi usizitafute za zamani kamwe. Kwa kawaida habu ya nyuma na ekseli ya pedali huchukua inchi 1/4, habu ya mbele 3/16, shingo ya foki 5/32. Nunua mpya za daraja la 25 (daraja la usahihi wa uduara), badilisha zote kwa pamoja, wala usichanganye na zilizokuwamo.

Kotapini zinahitaji maelezo zaidi, maana ndizo zinazowaudhi watu kuliko spea nyingine yoyote. Baiskeli nyingi za Kiingereza hutaka mm 9.5, nyingi za Ulaya bara mm 9. Zinazouzwa leo mara nyingi ni za chuma laini mno. Njia ya kujua ni kuifunga, kuendesha siku chache, kisha kuichomoa na kutazama uso wake bapa. Pini nzuri itaonyesha mng'aro wa mstari mpana mahali ilipogusana na ekseli. Iliyo mbovu itakuwa na ngazi: bonde limechimbika katikati na ukingo umejitokeza, unaushika kwa ukucha. Pini ya namna hiyo haikazi tena hata uongeze nguvu, na krenki itaanza kugonga kila unapokanyaga. Nunua jozi kutoka pakiti moja, kwa sababu mteremko wa uso bapa hutofautiana kiwanda hadi kiwanda, na ukichanganya, krenki mbili hazitanyooka kwa mstari mmoja.

2. Baiskeli nzima ya kuvunja

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote kwa vitu vidogo ambavyo hakuna anayeviuza kimoja kimoja: washa yenye mkunjo maalumu, nati ya nyuzi 26, bolti ya kushikia kifuniko cha cheni, koni (nati yenye mteremko ambayo gololi huizunguka) ya upande wa kushoto. Ukinunua baiskeli ya modeli yako, au ya kiwanda hicho hicho na miaka inayokaribiana, unapata vyote mara moja, tena unaona jinsi vilivyopangwa kabla ya kuvifungua. Piga picha kila hatua.

Chagua iliyopinda fremu au foki. Ile inayoweza kutembea tena iachwe itembee; baiskeli nzima zinapungua kila mwaka na hakuna kiwanda kitakachozirudisha. Kabla ya kulipa, zungusha ekseli ya pedali, jaribu kama bomba la siti linatoka, na hesabu matundu ya spoku. Baiskeli za Kiingereza mara nyingi zilikuwa na 32 mbele na 40 nyuma, kwa hiyo gurudumu la 36 litakupa habu utakayoshindwa kuifunga kwenye rimu yako. Mabaki usiyatupe mpaka yako iwe imeshatembea majira mazima.

3. Spea mpya za enzi hizo

Hizi ni zile zilizokaa stoo miongo kadhaa bila kutumika. Wapenzi wengi wa baiskeli huziweka nafasi ya kwanza. Mimi naziweka ya tatu kwa sababu ya bei, na kwa sababu boksi la zamani huwafanya watu wasahau kupima kilichomo ndani. Koni, vikombe na ekseli za namna hii ni hazina kweli: chuma chake kiligumishwa vizuri. Lakini raba haikai. Tairi la miaka arobaini ambalo halijawahi kugusa barabara lina nyufa ndogo ubavuni, na raba ya breki ya umri huo ni ngumu kama gome, inateleza juu ya rimu. Na chochote chenye grisi ndani kifunguliwe na kusafishwa kwanza, kwani grisi ya zamani huganda.

4. Spea ya kisasa iliyopatanishwa

Vikombe vya Kifaransa na vya Uswisi vikishindikana, kuna ekseli za pedali zilizofungwa kama mkebe ambazo hazitegemei nyuzi za fremu. Hujibana zenyewe ndani ya bomba kutoka pande mbili. Velo Orange ya Marekani imewahi kuziuza. Phil Wood, pia ya Marekani, hutengeneza mkebe mmoja na ringi za nyuzi tofauti, za Kiingereza, Kiitalia, Kifaransa na Uswisi. Kwa fremu yenye nyuzi zilizolika, hili ni jibu bora kuliko kuchonga upya.

Shingo ya usukani ya Kifaransa ni mm 22.0 na ya kawaida ni 22.2. Kupunguza ile sehemu inayoingia ndani ya foki kwa msasa hadi 22.0 ni kazi inayofanyika sana, na kwa unene huo haidhuru, mradi upunguze sawasawa pande zote. Krenki za Kifaransa za mm 14 nazo huweza kuchongwa hadi inchi 9/16, halafu ukatumia pedali yoyote ya sasa. Kazi hiyo haina kurudi nyuma, kwa hiyo krenki adimu iache ilivyo.

5. Spea iliyotumika, moja moja, kutoka mtandaoni

Hapa ndipo penye aina nyingi zaidi na hasara nyingi zaidi. Usinunue kwa picha ya mbali. Omba picha ya kalipa ikiwa imebana kipande chenyewe, namba zikisomeka. Kwa koni, omba picha ya njia ya gololi baada ya kufutwa: mstari mwembamba unaong'aa ni sawa, vishimo vidogo vyeusi ni koni iliyokwisha. Kwa friwili, tazama mapengo ya kuingizia chombo cha kufungulia. Yakiwa yamelika kingo, haitatoka kwenye gurudumu lako siku utakapoihitaji. Ukumbuke pia kwamba friwili ya Kifaransa ni mm 34.7 kwa hatua ya mm 1, na ukiilazimisha kwenye habu ya alumini yenye nyuzi za Kiingereza, habu ndiyo itakayoumia.

Krenki za alumini zina jambo lake. Nyuzi za kuvutia krenki kutoka kwenye ekseli ni mm 22 kwa nyingi, lakini kampuni za Kifaransa zilitofautiana: TA walitumia 23 na Stronglight za zamani 23.35. Uliza, kisha hakikisha utapata chombo cha kipimo hicho. Chunguza pia kuzunguka tundu la pedali na pembe za tundu la mraba kama kuna ufa mwembamba kama unywele.

Vibadilisha gia vya Simplex vya plastiki ngumu, vilivyofungwa kwenye baiskeli nyingi za Kifaransa za miaka ya 1960 na 1970, vina tabia ya kupasuka kadiri vinavyozeeka. Kama unataka baiskeli ya kuendesha, tafuta cha chuma cha enzi hiyo.

Usukani na shingo za alumini zilizotumika sizinunui, hata zikiwa nzuri machoni. Alumini huchoka ndani bila kutoa dalili, na ikikatika unaanguka kwa uso. Foki iliyowahi kunyooshwa nayo iache.

6. Kuchongesha

Fundi wa mashine ya kukereza anaweza kukutengenezea washa, vipande vya kujazia nafasi, vyuma vya breki na hata ekseli ya habu yenye nyuzi unazotaka. Mpelekee kipande cha zamani mkononi, kilichosafishwa. Mchoro peke yake hautoshi. Tatizo ni koni na vikombe. Visipogumishwa kwa moto baada ya kuchongwa, gololi zitavila kwa muda mfupi sana, basi muulize mapema kama anaweza kugumisha chuma na kukisugua baada ya hapo. Kama hawezi, rudi namba mbili. Krenki, shingo ya usukani na sehemu yoyote ya foki visichongeshwe kabisa.

Na siku ukimpata mtu mwenye koni halisi za habu yako, chukua jozi mbili pamoja na ekseli yake, hata kama zilizomo bado ni nzima. Zipake grisi, zifunge kwenye karatasi ya mafuta, na uandike juu yake kipenyo, nyuzi na upande.