IST ya cc 1300: kilomita 18 za makaratasi, 11 za Mwanza

Nabeba dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, kupeleka kwa wateja wangu wa Isamilo, Igoma, Kisesa, mara nyingine hadi Magu. Faida yangu inaanzia kwenye tenki la mafuta. Toyota IST ninayoendesha ni toleo la kwanza, injini ya cc 1298, na nasema mapema kwamba ni gari nzuri, inunueni. Ila msiinunue kwa ajili ya ile namba 18, yaani kilomita 18 kwa lita.

Namba hiyo mtakutana nayo tu. Dalali ataitaja kabla hujafungua mlango: "Dada yangu, hii lita moja kilomita kumi na nane." Wala hadanganyi, ndivyo makaratasi ya Japani yanavyosema. Muulize tu hizo kilomita zilipimwa wapi. Kipimo cha serikali ya Japani cha wakati ule, kilichoanza mwaka 1991 na kuitwa 10-15, kilifanyika ndani ya jengo. Gari inawekwa juu ya rola, matairi yanazunguka, yenyewe haiendi popote. Injini imeshapata moto, kiyoyozi kimezimwa, uzito ni wa watu wawili. Inaendeshwa kama dakika 11, kilomita 4 na kidogo, mwendo wa juu kabisa 70 kwa saa. Basi.

Sasa njoo Mwanza. Asubuhi injini ya baridi, magunia nyuma, unapanda Isamilo kwa gia ndogo. Ukishuka unakanyaga breki, na nguvu yote uliyoinunua kwa mafuta ya kupandia inaishia kwenye breki. Ukifika Mabatini kuna foleni: injini inaunguruma, kiyoyozi kinavuta, kilomita haiongezeki hata moja. Kwa mizunguko ya namna hiyo gari yangu inanipa kilomita 11 kwa lita, ikijitahidi sana 12. Barabara ya Musoma, ukishaipita Kisesa, mzigo mwepesi na mwendo wa 80 usiobadilika, inafika 15 na kidogo. Hiyo 15 naifurahia kweli. Ukiipeleka 110 inashuka tena, maana mwendo ukizidi, gari inashindana zaidi na upepo.

Napima bila kutegemea mshale wa dashibodi. Najaza tenki sheli hiyohiyo, pampu hiyohiyo, mpaka ijikate yenyewe, naandika namba ya kilomita. Nikirudi kujaza, nagawanya kilomita nilizotembea kwa lita zilizoingia. Ukipima kwa mafuta ya elfu kumi hupati kitu, tofauti ndogo ya kujaza inaharibu hesabu yote. Na upepo wa tairi uwe sawa, hilo linaonekana kwenye hesabu.

Tofauti ya 18 na 11 si ndogo. Kila kilomita 100 ni lita tatu na nusu zaidi. Mtu anayepanga mkopo wa gari ya biashara kwa kutumia 18 atakosa pesa ya rejesho, na hilo linaniuma kwa sababu wengi wanaoingia biashara hii ni kina mama wenzangu wenye mtaji mdogo.

Kwa gari za miaka ya karibuni, tazama namba inatoka kipimo gani. JC08, kilicholazimishwa Japani kuanzia 2011, kinahesabu pia injini ikiwa ya baridi, kwa hiyo kinakaribia ukweli kidogo. Kipya zaidi ni WLTC, kinachotoa namba tatu: mjini, nje ya mji na barabara kuu. Hapo chukua ya mjini, kisha bado punguza.

Mengine ya IST ni mepesi. Viti vya nyuma vinalala, magunia yanakaa vizuri. Vipuri havisumbui, injini hiyohiyo ya 2NZ imo kwenye Probox za zamani za cc 1300, na kila fundi anaijua. Kwenye mashimo ya Buhongwa iko chini kidogo kwa gari yenye mzigo.

Mimi nauli ya kila gunia naipanga kwa 11. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, wakitangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, naangalia ya Mwanza, maana ya Dar es Salaam iko chini kuliko yetu, nagawanya kwa 11 nipate gharama ya mafuta ya kilomita moja, na jioni hiyohiyo wateja wa Magu wanapata bei yao mpya.