Tiba ya Mwanga kwa Chunusi Mtwara Mjini: Inachofanya na Isichofanya

Kliniki moja ya ngozi na urembo hapa Mtwara mjini hutangaza kwamba inatibu chunusi kwa leza, ilhali mashine niliyolazwa chini yake ni taa za LED zenye mwanga wa bluu na mwekundu. Mteja anastahili kuelezwa hilo kabla ya kulipa. Leza hukusanya nguvu nyingi mahali padogo, na kwenye ngozi nyeusi melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, hufyonza sehemu ya nguvu hiyo, hivyo ikishikwa na asiye na ujuzi inaweza kuunguza na kuacha madoa yanayodumu kuliko chunusi zenyewe. Taa za LED ni salama zaidi, ingawa mwanga wa bluu nao unaweza kuongeza weusi kwa baadhi yetu.

Mwanga wa bluu wenye urefu wa wimbi wa takribani nanomita 415 hufyonzwa na porfirini, kemikali zinazotengenezwa na bakteria wa chunusi, na hapo huzalishwa oksijeni kali inayowaua; mwekundu huzama ndani zaidi na kutuliza uvimbe. Usoni mwangu mambo yalikwenda hivyohivyo: vipele vyenye usaha vilipungua baada ya wiki kadhaa, lakini vichwa vyeusi vya puani na makovu ya zamani havikubadilika.

Wahudumu ni waungwana, chumba ni kisafi, na miwani ya kukinga macho hutolewa bila kuombwa. Kilichonisikitisha ni kwamba hakuna aliyeniuliza natumia dawa gani. Doksisaiklini, ambayo wengi huandikiwa kwa ajili ya chunusi, huifanya ngozi iumizwe na mwanga kwa urahisi. Wala hawakuuliza kuhusu mkorogo wa kujichubua, ambao mara nyingi huwa na krimu zenye steroidi, na krimu hizo huweza kuzalisha chunusi zenyewe. Anayeendelea kuzipaka atalipia taa bure.

Kipindi kimoja kinagharimu zaidi ya tyubu ya benzoili peroksaidi, dawa ambayo ningemshauri kila mtu aanze nayo. Kwa mwenye vipele vyepesi ambaye tayari anaitumia, huduma hii ni nyongeza nzuri, mradi ajue kwamba vipele huweza kurudi akiacha. Mwenye uvimbe mkubwa unaouma chini ya ngozi amwone kwanza daktari wa ngozi hospitalini. Mimi nitarudi pale siku watakapoanza kuandika historia ya dawa ya kila mteja kabla ya kuwasha taa.