Jiko la umeme la kupikia kwenye RV: ulizia wati za chini kwanza

Majira ya joto yakikaribia huku Marekani, maswali huwa yale yale: dada, tumekodi RV, lile gari lenye vitanda na jiko ndani, tunapeleka watoto bonde la Grand Canyon, ninunue jiko gani? Wakirudi, na malalamiko ni yale yale. Breka ya umeme imekata, wali mbichi, watoto wamelia joto usiku kucha.

Ukubwa na rangi mtachagua wenyewe. Mimi nina swali moja tu: jiko linavuta umeme kiasi gani ukishalipunguza?

RV nyingi za kukodi zina waya wa ampea 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600 kwa gari zima. Kiyoyozi peke yake kinakula kama 1,500. Friji na chaja ya betri navyo vinataka chao. Tena soketi za jikoni mara nyingi zinachangia breka moja, kwa hiyo kuhamisha plagi kutoka soketi hii kwenda ile ni kujichosha bure.

Sasa, majiko mengi ya indaksheni (yale yanayopasha sufuria kwa sumaku) ya bei poa yameandikwa wati 1,800. Mtu anajiambia, si neno, nitapunguza moto hadi namba mbili. Lakini kwenye namba mbili mengi yanawaka kwa nguvu, yanazima, yanawaka tena. Bandika maziwa uone: yanafura hadi ukingoni, yanatulia, yanafura tena. Kiyoyozi nacho kikiamka jiko likiwa limewaka, mnabaki gizani.

Ndiyo maana chaguo langu la kwanza ni jiko la indaksheni la NuWave PIC Flex, na mapenzi yangu kwake siyafichi. Unalipangia mpaka kabla ya kupika: wati 600, 900 au 1,300. Maji ya chai yatachelewa kidogo, sawa, ila kiyoyozi kinaendelea kuvuma. Angalizo: sufuria zetu za alumini halizitambui kabisa. Gusisha sumaku kwenye kitako. Isiponasa, iache nyumbani. Na ukisonga ugali, jiko lolote jepesi la namna hii linatembea nawe mezani, kwa hiyo litandikie mpira wa kuzuia kuteleza chini ya miguu, bila kuziba matundu ya feni.

Chaguo la pili, Instant Pot ndogo, sufuria ya presha ya umeme, ya lita karibu 3, wati 700. Ukingo wa kusini wa Grand Canyon uko kama mita 2,100 juu ya bahari, na huko maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Maharage kwenye sufuria ya kawaida utayangoja hadi usinzie, presha inayamaliza. Mvuke uachie dirishani, makabati ya RV yakilowa yanafura.

Maikrowevu unaikuta humo humo, usinunue nyingine. Jua tu kwamba ikiandikwa 900, hizo ni wati zinazoingia kwenye chakula. Kwenye soketi inavuta kama 1,400. Eya fraya inakula 1,500 na zaidi, hiyo subiri usiku wa baridi, kiyoyozi kimezimwa. Majiko ya koili ya bei chee, sina la kuyasemea.

Kinachonikera ni maboksi. Wati za juu zimeandikwa kwa herufi kubwa kama bango la uchaguzi, za chini huzioni hata ukigeuza pande zote, na muuzaji ukimuuliza anakusomea boksi lile lile. Wakodishaji nao! Jenereta wanaitoza kwa saa, sahani na sufuria bei yake mbali, na hayo yote unayajua umeshalipa arbuni.

Kabla ya kulipa, uliza gari ni la ampea 30 au 50. Halafu angalia unalala wapi: pale ukingo wa kusini, kambi ya Trailer Village ina soketi za RV, kambi ya Mather Campground haina. Ukipata nafasi Mather, jiko acha dukani, utapikia gesi ya gari.