Wadi mbili zinazoitwa Shella: uzoefu wangu na data za bure za mipaka na makadirio ya watu

Kikundi chetu hapa Mkomani, mjini Lamu, kilinipa kazi ya kutengeneza ramani. Walitaka wadi zote 10 za Kaunti ya Lamu, kila moja na idadi ya watu wake kama ilivyohesabiwa, na pia kama inavyokadiriwa miaka ya mbele. Nia yetu ilikuwa kwenda nayo kwenye kikao cha maoni ya wananchi kuhusu zahanati na maji, kisha kuiweka tayari kwa siku ambayo mipaka ya maeneo bunge itaangaliwa upya. Pesa ya kununua data hatukuwa nayo. Nilitumia vinavyopatikana bila malipo: faili za mipaka ya wadi, majedwali ya sensa ya Agosti 2019 na makadirio yaliyotokana na sensa hiyo. Programu niliyofanyia kazi ni QGIS, ya kuchora ramani kwa kompyuta, ambayo nayo ni ya bure.

Nianze na lililonikesha. Nilipounganisha faili ya mipaka na jedwali la watu, Shella ilitoka na idadi kubwa mno, na mimi Shella naijua, natembea kwa miguu hadi huko. Nikarudia mara tatu, jibu likawa lile lile. Kumbe jedwali nililopakua lilikuwa la Pwani nzima, na Malindi nako kuna wadi ya Shella. Kompyuta ilikutana na jina moja ikazifanya wadi mbili kuwa moja. Tume ya uchaguzi na mipaka imeipa kila wadi namba yake: Shella ya Malindi ni 0079, Shella ya Lamu ni 0104. Basi unganisha kwa namba, jina liache liwe la kusomwa na watu tu.

Hata namba zina mtego. Ukifungua faili ndani ya programu ya majedwali, 0079 inageuka 79 kwa sababu sifuri za mbele zinafutwa, na 79 haiwezi kukutana na 0079 iliyo kwenye ramani. Kabla ya kuingiza chochote, iambie programu kwamba safu ile ni maandishi. Nilijifunza hivyo saa nane za usiku.

Jambo la pili ni mahali ramani inapokaa. Faili moja niliyoipata kwenye tovuti ambayo haikuandika tarehe wala chanzo ilikuwa imechorwa kwa mfumo wa zamani wa vipimo wa Afrika Mashariki, Arc 1960, ilhali picha za setilaiti zinatumia WGS 84. Tofauti ya mifumo hii miwili ni mita mia kadhaa. Bara huenda usiione. Kwenye mji kama Lamu, nyumba za kando ya bahari zilikuwa zimeingia majini. Ukiona hivyo usiisogeze ramani kwa mkono. Tafuta ilichorwa kwa mfumo gani, kisha uigeuze.

Sasa nije kwenye kiini chenyewe. Mipaka tunayopigia kura ni ile ya Machi 2012: maeneo bunge 290 na wadi 1,450 nchi nzima. Watu nao huhesabiwa kwa ngazi za utawala: kaunti ndogo, tarafa, kata na kata ndogo. Ramani hizi mbili hazilingani kila mahali. Angalieni Kilifi: ina maeneo bunge saba, lakini majedwali ya sensa ya 2019 yanaonyesha kaunti ndogo tisa, kwa kuwa Chonyi na Kauma zimehesabiwa peke yake. Ndiyo maana ndugu zetu wa Malindi wasiichukue 333,226 ya kaunti ndogo ya Malindi na kusema moja kwa moja kuwa ni idadi ya eneo bunge lao. Kwanza wahakikishe mipaka ni ile ile.

Njia niliyoiona salama ni kurudi kwenye tangazo la 2012 lenyewe, ambalo linataja kata ndogo zinazounda kila wadi, kisha kujumlisha kata ndogo hizo kutoka juzuu ya pili ya matokeo ya sensa. Ni kazi ya subira. Pale kata ndogo ilipogawanywa baadaye, inabidi uulize watu wa pale pale. Nilipiga simu nyingi kuliko nilivyofungua faili, na nasema kwa dhati kwamba simu zile ndizo zilizoifanya ramani iaminike.

Makadirio nayo nayaheshimu, ila yanataka kusomwa kwa makini. Wataalamu huwapanga watu kwa rika na jinsia, halafu husogeza kila rika mbele kwa kukadiria wanaozaliwa, wanaofariki, wanaohamia na wanaohama. Hesabu hiyo ina mantiki. Lakini niliyoyatumia mimi ni ya kaunti nzima, na Lamu si kitu kimoja. Mwaka 2009 kaunti ilikuwa na watu 101,539. Mwaka 2019 ikafika 143,920. Ukipasua namba hizo unaona hadithi mbili. Lamu Magharibi ilitoka 82,698 hadi 121,662, ongezeko la takriban asilimia 47. Lamu Mashariki ilitoka 18,841 hadi 22,258, asilimia 18 tu. Nilikuwa karibu kugawa makadirio kwa uwiano wa sensa moja, na ningeukosea upande wote wa Lamu Mashariki, yaani Pate, Kiunga na Basuba. Badala yake nimeandika makadirio mawili kwa kila upande, la chini na la juu, na nimeeleza nilivyoyapata. Tena kuna bandari mpya ya Lamu. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, baada ya sensa, kwa hiyo wanaoifuata kazi huko hawamo katika msingi wa hesabu hiyo.

Niliijaribu pia ramani ya vigae, yaani miraba midogo ya mita 100 kila upande, ile inayowatawanya watu wa sensa kwa kutazama majengo kutoka angani. Kwa mji inafaa. Kwa Msitu wa Boni sikuitumia. Iliweka watu ndani ya mikoko na kuacha vijiji.

Kwa nini najihangaisha hivi? Gawanya watu 47,564,296 wa sensa ya 2019 kwa maeneo bunge 290, upate 164,015 kwa kila moja. Katiba inaruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 40 katika miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Lamu Mashariki haifiki hata sehemu ya sita ya wastani huo. Mwaka 2012 ilikuwa miongoni mwa maeneo bunge 27 yaliyonusurika kwa sababu Katiba ilizuia yasifutwe katika mapitio ya kwanza. Kinga hiyo ilikuwa ya mara moja. Lakini ibara ya 89 inataka pia jiografia, historia, utamaduni na njia za mawasiliano zizingatiwe, na hayo hayamo ndani ya jedwali lolote nililopakua.

Hili nilifunzwa Faza, katika kisiwa cha Pate. Nilichapisha ramani, nikapanda boti nayo, nikaitandaza barazani. Mzee mmoja akaitazama kwa muda mrefu, akaniambia, "Mwanangu, umechora nchi kavu. Mtu wa Nairobi akiona hii atadhani Kiunga ni hapo tu."

Nikamwambia, "Ami, nionyeshe basi."

Akaomba penseli. Akachora njia za mashua, akaweka alama pale mtu anaposubiri maji yajae, na akakata kwa mistari miwili njia zinazofungika wakati wa kusi. Kina mama waliokuwa pembeni wakamsahihisha: kuna njia moja ambayo mjamzito hapitishwi kabisa miezi hiyo.

Kwa ubora wa mipaka natoa nyota nne kati ya tano, majedwali ya sensa nne, makadirio tatu kwa mtu anayeshughulika na wadi. Karatasi ile ya Faza bado naihamishia ndani ya QGIS, njia moja baada ya nyingine, na kila njia naipa safu mbili: saa za safari wakati wa kaskazi, na saa za safari wakati wa kusi.