Nimejaribu Spotipy kwa pleilisti ya mgahawa, nimeridhika sana

Nna mgahawa mdogo hapa Langoni, Lamu, na jioni watu wakija kunywa kahawa wanataka taarab, wengine bongo fleva, na mi kila siku nashika simu kuongeza nyimbo mkono umejaa unga, ndo nikaamua kujaribu Spotipy. Ni maktaba ya bure (msimbo ulioandikwa tayari) ya Python, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta, inayoongea na Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, kwa hivo lazima ujue Python japo kidogo, ukiwa hujui kabisa tafuta kijana akukalie karibu.

Kujisajili kwa Spotify na kupata funguo zako mbili (client ID na client secret, kama jina na neno la siri la programu yako) ni rahisi. Pale kwenye anwani ya kurudishia (redirect URI, pale Spotify inapokurudisha ukishakubali kuingia) ndo uangalie sana maanake isipofanana herufi kwa herufi na ile ulosajili inakataa, mi ilinikula usiku mzima kwa alama moja tu ya mkwaju (/)! Tokeni yenyewe (kibali cha muda cha kuingia Spotify) inaisha baada ya saa 1 ila Spotipy inaifufua yenyewe, hapo nimewapenda wallahi. Kitu chengine, ombi moja la kuongeza nyimbo kwenye pleilisti halipokei zaidi ya nyimbo 100, ukiwa na nyingi zigawe.

Skripti, yaani programu yangu fupi, nimeiweka kwa cron (inayoendesha programu yenyewe kwa saa ulopanga) kwenye laptop kuukuu, alfajiri saa 11 inafuta za jana inaweka mpya, stima ikikatika saa hiyo basi siku hiyo naiendesha mwenyewe. Lakini siku nyingi nikifungua mlango muziki ushakua tayari. Naipa nyota 4 na nusu, maelekezo yao wangeongeza mifano ya watu wanaoanza.