Deki ya Blu-ray hapa Dar, zama za flashi na bando: uzoefu wangu

Jibu kwanza, maana wapo watakaosoma mistari miwili na kuondoka. Kama unachoangalia ni tamthilia za Kituruki, za Kikorea na muvi za kupitishia jioni, usinunue deki ya Blu-ray, ile ya kucheza diski zenye picha kali kuliko DVD. Kama una filamu zako mbili tatu ambazo mtu akizisema vibaya unakosa usingizi, nunua. Na kama nyumbani kwenu kuna kabati lenye sidii za Bongo Movie za enzi zile, nunua kesho asubuhi, nitaeleza kwa nini huko chini.

Yangu ni mtumba wa Uingereza. Nimeichukua Kariakoo kwa kijana anayeuza redio na spika za zamani. Alianzia laki na nusu, tukamalizana kwa elfu themanini na tano, pamoja na rimoti ambayo si yake ila inaikubali. "Bosi, hii haijawahi kufunguliwa na fundi, angalia skrubu," akaniambia, na kweli skrubu zilikuwa hazijachunwa. Mtumba wa Uingereza niliutafuta kwa makusudi. Umeme wao ni volti 230 kama wetu, na plagi ni ile ile ya miguu mitatu bapa. Deki nyingi za Marekani zimeandikwa volti 120 nyuma; ukichomeka ukutani bila transfoma unaita moshi. Kabla hujataja bei, geuza deki usome kibandiko.

Halafu kuna suala la kanda, yaani maeneo ya dunia ambayo diski na deki vimefungiwa, ambalo muuzaji atakuapia kwamba halipo. Lipo. DVD halisi zimegawiwa kwa kanda: Tanzania tuko kanda ya 5, Uingereza ya 2, Marekani ya 1. Kwenye Blu-ray mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu Afrika na Ulaya tumewekwa pamoja kwenye kanda B, na Marekani wako A. Maana yake ndugu yako aliyeko London akikuletea Blu-ray inaingia na kucheza, ila wa Houston akikuletea yake, uwezekano mkubwa ni kuoneshwa ujumbe wa kukataliwa. Diski za 4K, zenye picha kali kuliko Blu-ray ya kawaida, zenyewe hazina kufuli la kanda, ila zinataka deki yake ya 4K, na hiyo kwa bei niliyoiona Kariakoo niliirudisha mezani taratibu.

Sasa picha. Kipimo changu ni Mad Max: Fury Road ya George Miller, ya 2015. Si mpya, najua, lakini kwa kupimia nakala ni filamu ya mateso: vumbi, mchanga, moshi, chuma kinachong'aa, na magari yanayokimbizana karibu saa mbili nzima. Jangwa lenyewe si la mbali sana na sisi, kwa kuwa sehemu kubwa ilipigwa Namibia. Tena ina kitu kinachowaumbua wauza nakala: usiku wake. Ule usiku haukuwa usiku. Walipiga mchana wa jua, wakaingiza mwanga mwingi kupita kawaida, ndipo baadaye wakaitia picha giza na rangi ya buluu. Kwenye nakala nzuri, ndani ya giza hilo unaona macho ya watu na matope kwenye tairi. Kwenye nakala mbovu unaona wino.

Ya flashi nilikuwa nayo siku nyingi, ya duka la muvi mtaani kwetu Sinza. Mnayajua haya maduka: mabango yaliyopaushwa na jua mlangoni, kompyuta moja ndani, na kijana ambaye macho hayatoki kwenye skrini hata anapokusalimia. Mafolda yameandikwa kwa herufi kubwa: ZILIZOTAFSIRIWA, KOREA, UTURUKI, KIHINDI, BONGO, MPYA MPYA. Muvi moja shilingi 500, sizini nzima 2,000. "Kaka, unataka iliyotafsiriwa au ya Kizungu?" Halafu baada ya kuchomeka flashi: "Imejaa hii. Hizi za kipaimara nizitoe?" Huduma ni ya haraka, haina usajili wala kadi ya benki, na kijana anajua ladha ya kila mteja kuliko programu yoyote ya simu. Ukimwambia umeipenda fulani, anakupa nyingine tatu za aina hiyo, na hakosei sana.

Tatizo ni ukubwa wa faili. Saa mbili za Fury Road zimebanwa hadi chini ya GB 1. Kwenye simu huoni kitu. Kwenye TV ya inchi 43, dhoruba ya mchanga inageuka vigae: miraba ya kahawia inayoruka ruka, na katikati yake kuna magari ambayo inabidi uyakisie. Nikamwomba faili kubwa. Alikuwa nalo la GB 6, lakini flashi ikaligomea, kwa sababu flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32 ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Akaipanga upya kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, faili likaingia vizuri, nikafika nyumbani TV haikuitambua flashi. TV nyingi za miaka ya nyuma ndivyo zilivyo. Kijana hana kosa hapo.

Iliyotafsiriwa niliichukua pia, kwa sababu nimekulia kwenye vibanda umiza na sauti ya Lufufu, msimuliaji wa filamu, na sitamdharau mtu anayeisimulia filamu kwa Kiswahili mpaka bibi asiyejua Kiingereza akashika kichwa. Ile ni sanaa kamili, inataka pumzi, utani na kumbukumbu. Lakini Fury Road ni filamu yenye maneno machache sana, na msimuliaji alipoona pako kimya akapajaza. Injini, ngoma za vita, gitaa la yule jamaa aliyefungwa mbele ya lori la spika, vyote vikazama chini ya maelezo ya nani anamtaka nani. Kwa vichekesho na ngumi nitaendelea kuzinunua. Kwa filamu inayoongea kwa mlio wa vyuma, hapana. Na tuambiane ukweli: ile mia tano haifiki kwa aliyetengeneza filamu. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, ila foleni pale dukani ipo pia, na mimi nimo.

Kuhusu kutazama kwa mtandao sitachukua nafasi kubwa, kila mtu ana maoni yake. Netflix wanashauri spidi ya megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya HD kamili na 15 kwa 4K, na HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa. Filamu moja, piga hesabu GB 6 za bando. Mwenye fulusi ya intaneti ya nyumbani ya mwezi hasikii maumivu, mwenye bando la wiki anayasikia. Nilipotulia na mtandao mzuri usiku wa manane, picha ilikuwa safi, usiku wa buluu ukaonekana, vigae vikatoweka isipokuwa kwenye dhoruba. Saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni, picha inajishusha yenyewe bila kukuambia, na wewe unadhani mpiga picha ndiye mbovu. Programu moja ninayoilipia, jina naliweka mfukoni, maandishi yake ya chini hutangulia mdomo wa mwigizaji kwa sekunde nzima. Nimeandika malalamiko, nimejibiwa kwa heshima, yanaendelea kutangulia. Tena filamu uliyoiona jana inaweza isiwepo mwezi ujao, mkataba wake ukiisha. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, Dar nzima tulijua intaneti inapitia wapi.

Diski ndiyo iliyonifanya niandike. Blu-ray ya tabaka mbili inabeba mpaka GB 50, na hainyang'anyani nafasi na jirani. Kwenye ile dhoruba, nilipoweka diski, mchanga ukawa punje badala ya ukungu. Gari linaponyanyuliwa na upepo na watu kutawanyika hewani, unaweza kufuata mtu mmoja mmoja mpaka anapopotelea. Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya Margaret Sixel, mhariri wake, aliyepewa picha za saa zipatazo 480 azigeuze filamu ya saa mbili, akapata Oscar. Picha zinapishana haraka mno, lakini jambo la kutazama analiweka karibu na katikati ya skrini kila mara, jicho halitafuti. Kwenye nakala ya flashi nilikuwa nasema filamu hii ina fujo. Ile fujo ilikuwa ya faili.

Sauti sikuitarajia. Nina sabufa ya kawaida ya spika mbili, ile ya sebuleni inayotoa redio asubuhi. Hata hivyo ngoma zilishuka chini mpaka vikombe kabatini vikaanza kujibu, na mama mwenye nyumba akagonga mlango: "Baba, kuna usalama humo?" Nikapunguza. Ukiwa na nyumba ya kupanga yenye ukuta mmoja na jirani, hili lihesabie kama gharama.

Tahadhari kwa wanunuzi wa DVD kutoka Ulaya: filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na DVD za PAL, mfumo wa TV wa huko, huziendesha kwa 25. Filamu ya dakika 120 inaisha kwenye dakika 115 na sauti za watu zinapanda kidogo. Wengi hawasikii, mwenye sikio la muziki ataudhika. Blu-ray nyingi za filamu haziguswi na hilo. Na zile DVD za barabarani za "20 kwa 1", gawanya GB 4.7 za DVD moja kwa 20 uone kila filamu imebaki na nini. Hata MB 240 haifiki.

Sasa Bongo Movie. Filamu za marehemu Steven Kanumba, aliyetutoka Aprili 2012, na za Mzee King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, nyingi tulizinunua kwa VCD, yaani sidii za video, na DVD. Chache utazikuta mtandaoni, nyingine zimekatwa vipande na kuwekewa matangazo juu. VCD inabeba kama dakika 74 hadi 80 tu, kwa hiyo filamu ndefu haiingii kwenye sidii moja, na ile Part 1 na Part 2 iliyotutoa pesa mara mbili ilipata kisingizio chake hapo. Picha yake ni ndogo, mistari 288, na kwenye TV ya kisasa inaonekana ya ukungu, usitegemee muujiza. Ila ipo, nzima, na mazungumzo yake yote.

Si kila deki ya Blu-ray inasoma VCD. Yangu inasoma, kwa sababu nilikwenda Kariakoo na sidii yangu mkononi, nikamwambia yule kijana aiweke kabla sijatoa hata shilingi. Zilizochomwa kwenye kompyuta zinakufa mapema kuliko zilizotoka kiwandani: rangi ya upande wa chini inafifia, deki inazunguka na kukata tamaa. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Ikisoma hata kwa shida, iweke kwenye kompyuta, fungua folda la MPEGAV, nakili faili la DAT lililomo. Programu ya VLC inalifungua bila kuuliza. Nimeanza na za shangazi wa Mbagala, aliyezihifadhi kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, na zimesalimika kuliko zangu.

Nina Part 1 kadhaa za Mzee Majuto zisizo na wenzake. Mwenye Part 2 anitajie bei, za kiwandani tu, za kuchoma ninazo za kutosha.